Pembetatu ni mnyama gani? Safari ya neno ‘pembe’ kutoka zizini hadi ubaoni

Juma lililopita mpwa wangu aliye katika gredi ya nne alinijia na daftari lake la Kiswahili akiwa amenuna. “Shikamoo mjomba,” akasema harakaharaka, na kabla sijaitikia vizuri akaendelea: “Hebu niambie ukweli. Mraba una pembe au hauna?” Nikamwambia unazo, tena nne. “Na pembetatu?” Tatu, jina lenyewe linajieleza. “Basi mbona mwalimu amenikosesha?”

Nikalichukua daftari. Zoezi liliwataka wanafunzi wataje vitu vitano vyenye pembe. Mtoto alikuwa ameandika: fahali, mbuzi, kifaru, pembetatu na uwanja wa mpira. Majibu matatu ya kwanza yalipigiwa vema. Mawili ya mwisho yalikatwa kwa wino mwekundu, na pembeni mwa ukurasa (litazame neno hilo, ‘pembeni’, msomaji wangu) mwalimu akaandika: “Tunazungumzia wanyama. Acha mzaha!”

Kama yangeishia hapo, ningecheka tu. Lakini jibu lile lilisomwa mbele ya darasa, darasa likaangua kicheko, na tangu siku hiyo wenzake wamembandika jina. “Pembetatu anakuja!” “Pembetatu amekalia dawati langu!” Mtoto ameapa kwamba hatanyoosha mkono tena katika kipindi cha Kiswahili. Huyu ni mtoto ambaye mwaka jana alikuwa akinisumbua kila Jumapili kwa maswali kuhusu maneno. Kwa hivyo si alama mbili zilizopotea pale. Ni mkono uliokuwa ukinyooshwa.

Simlaumu mwalimu. Nami nimewahi kusahihisha madaftari hamsini na tano usiku mmoja, na ninajua jinsi jicho linavyotafuta jibu lililozoeleka na kukata mengine. Ila haki ya mtoto ni haki. Tena swali lenyewe lilisema ‘vitu’. Kwa mizani kali ya sarufi, fahali, mbuzi na kifaru si vitu, ni viumbe. Majibu mawili yaliyokatwa ndiyo yaliyotaja vitu hasa! Basi, leo nataka tumtetee mtoto huyu kwa njia moja tu: kufuata historia ya neno ‘pembe’ na kuona kama kweli lina mpaka kati ya zizi la ng’ombe na ubao wa hisabati.

Tuanze zizini. Pembe ya ng’ombe ina mfupa ndani, na juu ya mfupa huo kuna gamba gumu la keratini, dutu ile ile inayounda kucha zetu. Pembe ya kifaru haina mfupa hata kidogo. Ni keratini tupu iliyoshikamana kutoka shinani hadi nchani. Pembe ya ndovu nayo, kwa mizani ya mwanabiolojia, si pembe kamwe. Ni jino. Ndovu ana meno mawili ya mbele katika taya la juu yaliyorefuka yakatokeza nje ya kinywa. Kwa hivyo tuna mfupa uliovikwa kucha, kucha isiyo na mfupa, na jino. Vitu vitatu tofauti kabisa, na Mswahili ameviita vyote pembe.

Je, babu zetu walikosea? La hasha. Walikuwa wakiainisha kwa kigezo kingine. Hawakuuliza kitu hicho kimeumbwa kwa nini, waliuliza kina umbo gani. Kilichotokeza, kikajikusanya na kuishia kwenye ncha, hicho ni pembe. Ndiyo maana neno hilo liliweza kutoka kichwani mwa mnyama likaenda kwenye kona ya chumba, kwenye pembe ya nguo, kwenye pembe nne za dunia, na hatimaye kwenye pembetatu, bila mtu yeyote kushtuka. Neno ‘pembe’ lilikuwa neno la umbo tangu lilipokuwa zizini.

Na neno lenyewe ni la kale. Mganda husema ‘ejjembe’, Mnyarwanda husema ‘ihembe’, na wote wawili wanazungumzia kile kilicho kichwani mwa ng’ombe. Ni mzizi wa Kibantu uliotawanyika na wafugaji na wakulima kabla ya kuwapo shule, ubao wala chaki. Hapo ndipo linapopishana na majirani zake wa darasa la maumbo. ‘Mraba’ limetoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya nne, na ndugu zake wa damu ni ‘robo’ na ‘arobaini’. ‘Mstatili’ pia ni la Kiarabu, likiwa na maana ya kitu kilichorefushwa. ‘Duara’ limetokana na mzizi wa kuzunguka, ule ule uliotupa ‘duru’. Mpwa wangu anapozitaja pembetatu, mraba, mstatili na duara kwa pumzi moja, anapita bara na pwani bila kujua.

Mraba wenyewe, licha ya asili yake, nao haukukaa daftarini. Mtu mwenye kifua kipana na mabega mazito tunamwita jitu la miraba minne. Hakuna anayechukua rula kumpima. Na tazama mche, lile umbo refu lenye pande bapa. Watoto hulikariri kama neno geni, ilhali nyumbani mama zao hutumwa dukani kununua mche wa sabuni. Duara lina kitovu, kama mtoto mchanga. Maumbo yana uso na kitako. Pembe zenyewe huwa kali au butu, maneno tunayoyatumia kwa visu. Jiometri ya Kiswahili imejaa viungo vya mwili na vyombo vya jikoni, na hiyo si aibu. Ndivyo lugha hai zinavyofanya kazi.

Wazungu nao walifanya vivyo hivyo, ila wao wamesahau. Neno la Kiingereza ‘corner’ lilitoka Kifaransa cha zamani, nacho kililitoa katika Kilatini ‘cornu’. Na ‘cornu’ maana yake ni nini? Pembe ya mnyama! Kiswahili kikaja kulikopa ‘corner’ likawa ‘kona’. Kwa hivyo mtangazaji wa mpira anapopaza sauti, “Wanapiga kona!”, anasema pembe kwa njia ya mzunguko, kupitia London, Paris na Roma, ilhali pembe yenyewe anayo nyumbani. Na dereva wa matatu anayepiga honi kwenye kona? Huyo amepiga pembe penye pembe. ‘Honi’ ni ‘horn’ la Kiingereza, na wanaisimu wanatueleza kwamba ‘horn’ ya Kiingereza, ‘cornu’ ya Kilatini na ‘keras’ ya Kigiriki ni ndugu wa ukoo mmoja. Hata ile ‘keratini’ niliyoitaja hapo juu ni mtoto wa ‘keras’. Wala si ajabu chombo cha kutoa sauti kuitwa pembe: siwa maarufu ya Pate, iliyopulizwa katika sherehe za watawala, ilichongwa kwa pembe za ndovu.

Kiarabu hakikubaki nyuma. Neno ‘qarn’ lina maana ya pembe, na pia lina maana ya muda wa miaka 100. Sisi tulichukua maana hii ya pili tukapata ‘karne’. Basi kila mwanahistoria anayeandika kuhusu karne ya 19 anabeba pembe mgongoni bila kujijua. Uwanja wa mpira wa mpwa wangu, wenye kona nne, una haki ya kukaa katika orodha ile kuliko tulivyodhani.

Na kwa kuwa tumeitaja karne ya 19, hapo ndipo neno letu lilipolowa damu. Katika karne hiyo Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu. Tippu Tip, aliyeacha simulizi ya maisha yake kwa Kiswahili, alijaza kurasa zake safari za kutafuta pembe, na msomaji wa wakati huo hakuhitaji kuambiwa ni pembe za mnyama gani. Biashara ilikuwa na msamiati wake: pembe kubwa iliitwa buri, ndogo iliitwa kalasha, na ya kifaru ikaitwa kipusa. (Siku hizi kurasa zetu za burudani humwita kipusa msichana mrembo. Wengi wa vipusa hao hawajui kwamba wameitwa pembe ya kifaru.)

Pembe hizo zilikwenda wapi? Nyingi zilivuka bahari. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, miji midogo ya Deep River na Ivoryton ilinawiri kwa viwanda vilivyozikata pembe kuwa vibao vyembamba vya piano. Nyingine zilichongwa kuwa mipira ya mchezo wa biliadi. Tafakari hayo: jino la mnyama, ambalo Mswahili aliliita pembe kwa sababu ya ncha yake, likachongwa hadi likawa tufe, umbo ambalo halina pembe hata moja, na mstatili mwembamba wenye pembe nne. Matufe na mistatili hiyo iliacha ndovu chini, na mara nyingi hamali njiani. Ndiyo maana Kenya ilipochoma shehena ya pembe katika Mbuga ya Nairobi mwaka 1989, na tena mwaka 2016 ilipoteketeza tani 105 za pembe za ndovu pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za kifaru, ujumbe ulikuwa wazi: mahali pa pembe ni juu ya mnyama.

Sasa tuje kwenye kuainisha, maana kosa aliloshtakiwa mtoto ni la kuainisha: ati ameliweka umbo katika kundi la wanyama. Kama hilo ni kosa, amekosea pamoja na watu wakubwa. Aristotle, karne ya nne kabla ya Kristo, alizitumia pembe kama mlango wa kuwaelewa wanyama. Aliona kwamba wanyama wenye pembe hawana meno ya mbele katika taya la juu, na hapo alikuwa ameshika jambo la kweli: mtazame ng’ombe au mbuzi akipiga mwayo. Miaka zaidi ya 2,000 baadaye akaja Carl Linnaeus wa Uswidi, baba wa uainishaji wa kisasa. Katika toleo la kumi la kitabu chake, mwaka 1758, alifanya jambo kubwa la kumtoa nyangumi katika kundi la samaki na kumweka miongoni mwa mamalia. Lakini katika toleo hilo hilo, akifuata meno, alimweka kifaru katika kundi moja na panya, sungura na nungunungu! Baadaye akamhamisha. Hakuna aliyembandika Linnaeus jina la utani darasani.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Othniel Charles Marsh, profesa wa Yale. Mwaka 1887 aliletewa jozi ya pembe kubwa zilizochimbuliwa karibu na Denver, Marekani. Akazichunguza, akatangaza kwamba ni za nyati wa kale, na akampa nyati huyo jina la kisayansi. Mabaki mengine yakazidi kupatikana, likaja fuvu lililokamilika zaidi, na profesa akalazimika kumeza maneno yake. Hakuwa nyati. Alikuwa mtambaazi wa zama za dinosaria aliyetoweka miaka kama milioni 66 iliyopita. Mwaka 1889 Marsh akampa jina jipya lililoundwa kwa maneno matatu ya Kigiriki: tatu, pembe, uso. Triceratops. Yaani, kwa Kiswahili cha moja kwa moja, Uso-Pembetatu. Profesa wa Yale alizitazama pembe akakosea mnyama. Mtoto wa gredi ya nne akaiona pembe mahali ilipo kweli. Nani mwenye mzaha?

Lakini mwalimu ana hoja moja ambayo sitaki kuikwepa. Anaweza kusema: sawa, pembe ni neno moja, lakini umbo na mnyama si kitu kimoja, na mwanafunzi lazima ajifunze kutofautisha. Kweli kabisa. Nami namjibu kwamba Kiswahili kina chombo cha kutofautisha, nacho ni kikali kuliko wino mwekundu. Chombo hicho ni ngeli.

Neno ‘ngeli’ lenyewe, kama vitabu vingi vya sarufi vinavyoeleza, tumelitoa kwa Wahaya, ambao kwao lina maana ya aina. Kuziona nomino zetu kama makundi yenye mpangilio ni kazi ya muda mrefu. Ludwig Krapf aliyetua Mombasa mwaka 1844 alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyefanya kazi Cape Town, akaanza kuchapisha sarufi linganishi ambamo makundi ya nomino za lugha za Kibantu yalipewa nambari, mtindo ambao wanaisimu wanaufuata mpaka leo. Shuleni Kenya tukachagua kuyatambua makundi hayo kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, KI-VI, I-ZI na kadhalika.

Uzuri wake ni kwamba kiumbe mwenye uhai haitiwi kundini kwa sura ya jina lake. Kifaru, kiboko, kinyonga na kipepeo wana sura ya KI-VI, lakini hatusemi ‘kiboko kimezama mtoni’. Tunasema kiboko amezama. Tukisema kiboko kimekatika, msikilizaji anajua papo hapo kwamba tunazungumzia mjeledi. Kifaru amejeruhiwa: mwite daktari wa wanyama. Kifaru kimeharibiwa: waite mafundi wa jeshi. Ndege amepaa, ndege imepaa. Herufi moja au mbili tu zinatenganisha uhai na chuma. Sijui chombo cha kuainisha kilicho chepesi kuliko hicho, na kila mtoto wa Kenya anakibeba mdomoni bila kulipia chochote.

Ndiyo sababu mzaha wa kuchanganya maumbo na wanyama unanoga zaidi kwa Kiswahili. Mwaka 1884 mwalimu na kasisi Mwingereza, Edwin Abbott, alichapisha hadithi iitwayo Flatland, kuhusu nchi bapa ambayo raia wake ni maumbo. Wanajeshi na vibarua ni pembetatu zenye ncha kali, mabwana ni miraba, makasisi ni maduara, na kadiri mtu anavyokuwa na pande nyingi ndivyo cheo chake kinavyopanda. Anayesimulia ni mraba. Abbott alikuwa akiwakejeli Waingereza wa enzi yake na mapenzi yao ya matabaka. Kwa Kiingereza hadithi hiyo inamhitaji msomaji ajikumbushe kila mara kwamba umbo lile ni mtu. Kwa Kiswahili kiambishi kimoja kinatosha. Sema ‘mraba alikasirika’, na mraba tayari ana roho. Wasimulizi wetu wa hekaya wamelijua jambo hilo tangu jadi. Kwao jiwe husema na mbuyu hujibu.

Na wale watoto waliomcheka mpwa wangu? Sikiliza walivyosema: “Pembetatu anakuja.” “Pembetatu amekalia dawati langu.” Hawakukosea upatanisho hata mara moja! Walimhamisha Pembetatu kutoka I-ZI hadi A-WA bila mwalimu kuwafundisha. Kejeli yao ilikuwa somo kamili la ngeli, na hakuna aliyelivuna.

Tatizo, nadhani, liko katika namna tulivyolipanga somo lenyewe. Baada ya ripoti ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ukaja na mtihani wa KCPE. Hilo lilikipa Kiswahili heshima, nasi tuliolelewa na mfumo huo tunashukuru. Lakini mtihani ulihitaji vitu vya kutahini haraka, na hapo ndipo orodha za msamiati zilipotamba: orodha ya maumbo, orodha ya vikembe, orodha ya makundi. Tulikariri kwamba mtoto wa simba ni shibli na wa sungura ni kitungule, kisha tukafungua ukurasa wa pili tukakariri pembetatu, msambamba na duaradufu. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ila orodha hazikuzikwa nayo.

Majirani zetu wa Tanzania walipita njia nyingine. Baada ya mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule za msingi, hisabati ikiwamo, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Huko pembetatu ni kitu unachokipima, unachokigawa, unachokokotolea eneo lake. Kwetu, mtoto akifika gredi ya nne anajifunza hisabati kwa Kiingereza, na mara nyingi mjini huwa ni tangu chekechea. Umbo analipima kwa jina la Kiingereza saa mbili asubuhi. Saa nne analikariri kwa jina la Kiswahili, halina rula wala kazi. Pembetatu ya Kiswahili inabaki mgeni darasani, neno la orodha tu. Mtoto anapothubutu kulitoa orodhani na kulitumia kujibu swali la kweli, tunamwambia aache mzaha. Hapo ndipo ninapoumia. Mtoto huyu alifanya kile tunachodai kila siku kwamba tunataka Kiswahili kifanye: kuvuka somo moja kwenda jingine.

Ningekuwa mwalimu wake ningeandika hivi: “Vizuri! Sasa nitajie tofauti kati ya pembe za mbuzi na pembe za mraba.” Na muhula ujao ningeliandika swali upya: “Taja wanyama watano wenye pembe.” Mambo kwisha.

Jumapili nilimwita mpwa wangu nikampa zawadi niliyokuwa nimemwekea. Nilimwonyesha picha ya kinyonga anayeishi katika nyanda za juu za Kenya, hata katika bustani za Nairobi, na pia Mlima Meru kaskazini mwa Tanzania. Kinyonga huyo alielezwa kisayansi mwaka 1896 na kupewa jina la Frederick Jackson, afisa Mwingereza aliyependa viumbe vya porini na ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Dume lake lina pembe moja puani na mbili juu ya macho. Jike lake halitagi mayai kama vinyonga wengine wengi. Huzaa watoto wakiwa hai, kana kwamba nalo linawachezea shere wanaoainisha. Na jina la kisayansi la jenasi yake ni Trioceros, Kigiriki cha ‘pembe tatu’.

Mtoto alikodoa macho. “Mjomba, kwa hivyo Pembetatu ni mnyama kweli?”

“Yupo,” nikamjibu. “Tena ni Mkenya.”

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje na daftari lile. Kisha akachukua kalamu, na chini ya wino mwekundu wa mwalimu akaandika kwa mwandiko wake wa mviringo: Pembetatu ina pembe tatu. Pembetatu ana pembe tatu. Akanitazama akasubiri. Nikampigia vema zote mbili.

Jumatatu jioni mama yake alinipigia simu. Mtoto amenyoosha mkono.